666 Kwenye Foleni ya Chifu

Mei 2019, siku za mwisho za kujiandikisha Huduma Namba, ule mpango wa serikali ya Kenya wa kuchukua alama za vidole na kumpa kila mtu namba moja na kadi ya utambulisho, foleni nje ya ofisi ya chifu mtaani kwetu ilikuwa imepinda mara mbili ikafika hadi kwa muuza mahindi ya kuchoma. Mbele yangu alikuwa mama mmoja, jirani yangu, aliyefika tangu alfajiri. Zamu yake ilipowadia, karani, kijana wa miaka ishirini na ushei, akamwambia, "Mama, tuanze na mkono wa kulia." Yule mama akauficha mkono wake ndani ya leso kana kwamba ameguswa na moto. "Kwa nini wa kulia, mwanangu?" Kijana akacheka, akidhani anataniwa. Mama hakucheka. Alichukua kitambulisho chake cha zamani mezani, akaondoka bila kuandikishwa, baada ya kusimama kwa muda wa saa tano.

Aliyezoea Biblia ya Kiswahili anajua kilichompitia akilini. Ufunuo sura ya 13 inazungumzia mnyama atakayewalazimisha watu wote, wakubwa kwa wadogo, watiwe chapa "katika mkono wao wa kuume, au katika vipaji vya nyuso zao", na asiye nayo asiweze kununua wala kuuza. Mchungaji wake alikuwa ameihubiri sura hiyo Jumapili mbili mfululizo. Na wakubwa serikalini walikuwa wameshasema hadharani kwamba asiye na namba hatapata huduma. Weka maneno ya mchungaji kando ya maneno ya serikali, uone kama hutashtuka hata kidogo.

Jibu jepesi ni kusema huo ni ushamba. Mimi halinitoshi. Kanisani kwa mama yule kuna wahasibu, manesi na mwalimu wa hisabati wa sekondari, na wengi wao walikuwa na wasiwasi uleule, ila wao walijiandikisha huku wakiomba toba kimoyomoyo. Tena kuna jambo linalotatanisha zaidi. Wakati makanisa fulani yakiipinga kadi ile kwa sababu ya mnyama, kulikuwa na watu wengine wakiipinga mahakamani Nairobi kwa sababu tofauti kabisa, na hao walishinda kwa kiasi kikubwa. Nitarudi kwao.

Kwanza namba yenyewe, ile 666 ambayo sura ya 13 inaiita hesabu ya mnyama. Yohana aliandika Ufunuo kutoka kisiwa cha Patmo, kwa makanisa madogo yaliyoishi chini ya dola ya Kirumi, ambako sura ya Kaisari ilikuwa kwenye sarafu na mtu hakwenda sokoni bila kuishika. Aliwaambia wenye akili waihesabu hesabu ya mnyama. Wasomaji wake walijua mchezo huo, kwa sababu katika Kiebrania herufi ndizo tarakimu. Andika Kaisari Nero kwa herufi za Kiebrania, yaani Neron Qesar, kisha ujumlishe: nuni 50, reshi 200, vavu 6, nuni 50, kofu 100, sameki 60, reshi 200. Utapata 666 kamili. Na ukiandika jina hilo kwa matamshi ya Kilatini, bila ile nuni ya mwisho, unatoa 50 na kubaki na 616. Sasa, zipo nakala za kale za Ufunuo ambazo badala ya 666 zina 616. Ni vigumu kueleza tofauti hiyo bila Nero, na ndiyo maana wataalamu wengi wa Agano Jipya wanaona kitabu kile kilimlenga mtawala aliyewatesa Wakristo wa Roma. Somo hili hufundishwa katika vyuo vingi vya theolojia. Wachungaji wengi waliosoma huko wanalijua. Wanaolihubiri Jumapili ni wachache, na siwalaumu sana: Nero hajazi kanisa.

Usomaji unaojaza kanisa ulitoka kwingine. Katika karne ya 19 John Nelson Darby, mhubiri wa Uingereza na Ireland, alieneza mpango wa siku za mwisho wenye hatua zilizopangwa: unyakuo, dhiki kuu, Mpinga Kristo, kisha hukumu. Mwaka 1909 mpango huo ulichapishwa Marekani pembeni mwa maandiko, katika Biblia ya maelezo ya Scofield, na msomaji wa kawaida akawa hawezi tena kutenganisha aya na maelezo ya aya. Kutoka huko ulisafiri na wamishonari, vijitabu, mikutano ya injili, kanda za kaseti, televisheni, na leo klipu za WhatsApp. Mshirika wa kanisa la kilokole Kisumu au Mbeya anaposema "Biblia imesema kutakuwa na serikali moja ya dunia", mara nyingi anamnukuu Darby bila kujua.

Ukishakuwa na mpango wa namna hiyo, kazi inayobaki ni kutafuta ishara. Na ishara hazikosekani. Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, keshia alipitisha pakiti ya chingamu mbele ya mashine ya kusoma ile michirizi myeusi tunayoiona leo kwenye kila unga na sabuni. Haikuchukua muda watu wakagundua kwamba michirizi ina jozi tatu ndefu, mwanzoni, katikati na mwishoni, zinazofanana na ile inayowakilisha tarakimu 6. Sita, sita, sita! Ukweli ni kwamba jozi hizo si tarakimu, zinaionyesha mashine pa kuanzia na pa kuishia tu. Unaweza kuchukua pakiti ya majani ya chai jikoni kwako ukaangalia: zile jozi hazina tarakimu yake chini. George Laurer wa IBM, aliyeibuni, aliulizwa swali hilo miaka nenda miaka rudi.

Baada ya michirizi zikaja kadi za benki, kisha chipu, Huduma Namba, chanjo ya korona. Namba ilihama kila mara, na kila ilipohama hakuna aliyesimama madhabahuni kusema, "Ndugu zangu, ile ya mwanzo tulikosea."

Kuna chombo kimoja tu ambacho sijawahi kukisikia kikikemewa kwa jina la mnyama, nacho ni M-Pesa. Kimesajiliwa kwa kitambulisho, kina namba, kinashikwa mkononi, na asiyekuwa nacho mjini Nairobi leo atapata taabu kweli kununua au kuuza. Ukitafuta kinachofanana na sura ya 13, hicho ndicho. Lakini M-Pesa ilikuja ikimletea mama hela kutoka kwa mwanawe, na sasa namba ya paybill ya sadaka imebandikwa ukutani nyuma ya mimbari. Hofu huchagua. Humwangukia mgeni anayebisha hodi na fomu, na yule mgeni kwa kawaida ni serikali.

Na serikali ina historia na watu hawa.

Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani Kenya. Mwenyekiti alikuwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Tume ikamaliza kazi 1995, ripoti ikakaliwa, hadi ilipofikishwa Bungeni 1999. Ilisema ibada hizo zipo, na Frimasoni wakatajwa. Fikiria wakati wenyewe. Miaka michache kabla, mimbari ndizo zilizokuwa zikimkosesha Moi usingizi: mahubiri ya Timothy Njoya, Askofu Henry Okullu, barua za kichungaji za maaskofu Wakatoliki zikidai vyama vingi. Askofu Alexander Muge alikuwa amekufa katika ajali ya barabarani Agosti 1990, siku chache baada ya waziri mmoja kumtishia hadharani. Halafu viongozi wa dini wanaombwa na Ikulu wakatafute vyumba vya siri vya wachawi na wanywa damu. Kumbe chumba cha siri kilikuwepo kweli, tena kinajulikana kilipo: chini ya Nyayo House, katikati ya Nairobi, ambako wapinzani waliteswa, wengine wakifungiwa katika seli zilizojazwa maji. Umma uliingia na kukitazama mwaka 2003, Moi alipokwisha kuondoka. Sidai kwamba tume iliundwa ili kuficha hayo, sina ushahidi. Nasema tu kwamba kanisa lililokuwa likiuliza juu ya chumba cha kweli lilipewa cha kufikirika likakifuatilie.

Majirani zetu wa Tanzania nao wanaukumbuka msimu wao wa Frimasoni, matangazo ya "jiunge utajirike" na namba ya simu yakibandikwa kwenye nguzo za umeme Dar es Salaam. Matangazo yale yalikuwa ya matapeli wa kawaida, wanaotaka ada ya kujiunga. Frimasoni wenyewe wana ukumbi wao mjini, na kiongozi wao wa miaka mingi, Sir Andy Chande, alikuwa akihojiwa na magazeti na hata aliandika kitabu cha maisha yake. Ni vigumu kuwa na siri hafifu kuliko hiyo.

Suala la chanjo ni zito zaidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ukweli na uzushi ulipofumwa kama mkeka. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliishambulia kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyoungwa mkono na WHO na UNICEF, wakisema imechanganywa na homoni ya ujauzito ili kuwafanya wanawake tasa. Maswali yao hayakuwa ya kijinga. Kwa nini wachanjwe wanawake tu? Kwa nini wale wa umri wa kuzaa? Kwa nini dozi nyingi? Majibu yapo na hayana siri: pepopunda inayolengwa ni ile inayoua vichanga kwa kuingia kwenye kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, na mtoto hupata kinga yake kutoka kwa mama kabla hajazaliwa. Lakini majibu hayo yalipaswa kutolewa na kampeni kabla ya sindano, si baada ya barua ya maaskofu.

Maaskofu walipeleka sampuli maabara, na baadhi zikaonyesha homoni. Serikali na WHO wakajibu kwamba mashine zilizotumika zimetengenezwa kupima damu na mkojo wa binadamu, si dawa iliyo ndani ya kichupa, hivyo matokeo hayasomeki. Hoja hiyo ni sahihi. Ila maaskofu hawakuokota wazo jalalani. Utafiti wa kuunganisha homoni ile na sumu ya pepopunda iliyodhoofishwa, ili kutengeneza chanjo ya kuzuia mimba, ulifanywa kweli, ukajaribiwa kwa wanawake India na matokeo yake yakachapishwa 1994. Ilikuwa dawa nyingine kabisa, kwa watu waliojitolea wakijua. Lakini mwenye hofu akikuta karatasi hiyo mtandaoni, utamwambiaje haipo?

Isitoshe, mwaka huohuo wa 2014 kundi la wanawake wenye VVU lilifungua kesi Mahakama Kuu Nairobi wakisema walifungwa uzazi bila ridhaa yao ya kweli. Kesi zilikokotwa hadi mwishoni mwa 2022, mahakama ikaamuru baadhi yao walipwe fidia. Kwa hiyo wakati daktari wa kampeni akisema "hakuna anayeweza kuwafanyia wanawake wa Kenya jambo kama hilo", wapo wanawake wa Kenya waliokuwa na majalada ya hospitali yanayosema vingine. Waliofanyiwa unyama huo hawakufanyiwa kwa chanjo ya pepopunda. Mmoja mmoja, wodini, walisainishwa fomu wakiwa na uchungu wa kuzaa au wakiogopa kunyimwa maziwa ya mtoto. Njama za kweli mara nyingi ni ndogo kiasi hicho, zina karani na fomu, na huwapata maskini.

Korona ilipoingia, Tanzania ilitoa picha iliyogeuzwa juu chini. Kwa kawaida tunafikiri uzushi hutoka kanisani na serikali ndiyo inayousahihisha. Machi 2020 Rais Magufuli, Mkatoliki na mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, alisimama kanisani Dodoma akasema korona ni shetani na haiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Mei akasimulia jinsi papai na mbuzi walivyopimwa na papai likakutwa na virusi. Takwimu zikaacha kutolewa. Januari 2021 akaonya kwamba chanjo za wazungu hazifai. Na ni Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, lililoandika mwezi huohuo kuwakumbusha waumini kuwa Tanzania si kisiwa, wachukue tahadhari. Machi, katibu wake, Padri Charles Kitima, akasema ndani ya miezi miwili wamekufa mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60, wakiwa na matatizo ya kupumua. Kanisa lilihesabu majeneza yake, likasema idadi. Hakuna ufunuo wala ishara hapo. Ni daftari la mazishi.

Magufuli akafariki Machi hiyohiyo. Rais Samia akachanjwa hadharani 28 Julai 2021. Sasa upepo ukageukia upande mwingine: Askofu Josephat Gwajima wa Kanisa la Ufufuo na Uzima, mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM, akahubiri kwamba chanjo haifai na wanaoileta wana lao jambo. Waumini wake hawakuona kigeugeu chochote. Askofu alikuwa akisema lile alilolisema rais miezi sita tu nyuma. Waziri wa afya akaagiza achunguzwe, Bunge likamfungia mikutano miwili. Wangapi kati ya waliokuwa wakimsikiliza walibadilisha mawazo kwa sababu Bunge limemfungia? Kwa aliyeamini kuwa ukweli unazibwa mdomo, adhabu ile ilikuwa cheti.

Na hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2025 Gwajima huyohuyo alijitokeza kulaani utekaji na upotevu wa watu Tanzania, jambo ambalo familia zina majina na tarehe zake. Juni 2 msajili akafuta kanisa lake. Mtu yuleyule, mimbari ileile, safari ya kwanza akisema jambo lisilo na ushahidi, safari ya pili jambo lenye ushahidi, na mkono wa serikali ukashuka mara zote mbili. Muumini aliyekaa benchi la nyuma atajuaje tofauti?

Nadhani tofauti ipo, na ndiyo iliyonirudisha kwenye Huduma Namba. Waliokwenda mahakamani 2019 walikuwa Nubian Rights Forum, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na wenzao. Wanubi wa Kenya wamezaliwa hapa vizazi kadhaa, lakini kupata kitambulisho kwao ni kusailiwa na kamati na kuzungushwa miezi. Hofu yao ilikuwa kwamba namba moja itakayofungua milango yote itawafungia wao milango yote kwa mpigo. Ukitaka kumwona mtu asiyeweza kununua wala kuuza kwa kukosa chapa, ni huyo. Aprili 2019 mahakama ilizuia kulazimishwa kwa usajili na ukusanyaji wa DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS. Januari 2020 ikasema vipengele hivyo viwili vinakiuka katiba na mradi usiendelee bila sheria madhubuti. Oktoba 2021 ikasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa athari kwa data za watu hazikutathminiwa kwanza.

Wanubi walishuku serikali, na mchungaji wa jirani yangu alishuku serikali. Wanubi walileta mashahidi, wakahojiwa na wakili wa upande wa pili, wakakubali kwamba kwa baadhi ya hoja majaji wanaweza kuwakatalia, na kweli walizikataa baadhi. Mchungaji hakuna wa kumhoji. Muundo wa ibada haumpi mtu nafasi ya kunyoosha mkono na kuuliza, "Baba Mchungaji, uliyasema hayahaya kuhusu kadi za ATM. Ilikuwaje?" Anayeuliza ana roho ya uasi. Ushuhuda hupigiwa makofi, hauombwi ushahidi. Na ujumbe ukishatoka mimbarini kuingia kundi la WhatsApp la kina mama, unabeba jina la mtu aliyekubatizia mtoto na kukuzikia mume. Sauti kutoka wizarani itashindana vipi na hiyo?

Mara nyingi madhara ni madogo: foleni iliyopotea, dozi iliyokosekana. Lakini Paul Mackenzie wa Malindi naye alianza na mambo tunayoyasikia kila wiki, shule ni za shetani, hospitali ni za shetani, Huduma Namba ni chapa. Alikamatwa zaidi ya mara moja, akaachiwa. Mwaka 2019 akafunga kanisa na wafuasi wakaanza kuhamia msitu wa Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa huko, mingi ya watoto. Yeye amekana mashtaka. Ninachokiona ni hatua moja aliyoongeza juu ya mahubiri ya kawaida: aliwahamisha watu mbali na majirani. Mama yule wa foleni alikuwa na binti nesi, na shemeji mwalimu, na mimi mbishi wa ng'ambo ya ua. Msituni hakuna wa kukubishia.

Huduma Namba ilikufa kimyakimya baada ya watu takriban milioni 37 kujiandikisha. Karatasi yangu ya kuthibitisha ipo hadi leo ndani ya bahasha ya cheti cha kuzaliwa. Serikali mpya ikaja na Maisha Namba. Disemba 2023 Mahakama Kuu ikaisimamisha kwa muda, suala likiwa tena ulinzi wa data. Jirani yangu alisikia habari kwenye redio, akaja hadi kwangu na leso yake begani. Nikamweleza habari za tathmini ya data, wakili, katiba, nikijua kwamba safari hii nina jambo la kumtuliza. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Kwa hiyo hata jaji ameiona," akasema.

"Ameona nini, mama?"

"Ile namba."

Nikamkaribisha chai.